Shahidi wa Ukurasa wa Mbele

Hapa Kibiti mimi ndiye mhariri, mwandishi na msambazaji wa jarida la kurasa nane la homiopathi, tiba ninayoitoa kwa punje ndogo. Cheo nilijipa mwenyewe. Toleo hili lilihusu maadili: sisi waganga wa homiopathi na madaktari wa hospitali tusinyang'anyane wagonjwa, wala mtu asijitwalie sifa ya mwenzake. Ukurasa wa mbele nikaweka picha ya Bi Mwajuma, mkulima wa Mchukwi, aliyepona maumivu ya magoti kwa zile punje zangu tamu kama sukari.

Nikaitisha kikao cha kulizindua, nikamwalika daktari mmoja wa hospitali. Nilisema ni kwa ajili ya ujirani mwema. Ukweli, nilitaka aje ajionee punje zangu zinavyoponya.

Bi Mwajuma akasimama na buibui lake jipya, akamgeukia daktari.

"Ahsante mwanangu. Vidonge vyako vimeninyanyua. Sasa naswali nimesimama."

Daktari akalitazama jarida, akamtazama Bi Mwajuma, kisha akalitazama jarida tena. Mimi nikatabasamu kama mtu aliyetafuna pilipili mbele ya wakwe.

"Bi Mwajuma," nikasema, "na zile punje?"

"Wamekula wajukuu. Wanazipenda hao, kila siku wananiuliza nitakwenda lini kwako."

"Lakini si ulinambia mwenyewe umepona?"

Akanitazama kwa huruma, kama mgonjwa ni mimi.

"Uliniuliza nimepona, nikakwambia nimepona, alhamdulillahi. Nimepona kwa dawa gani, mwanangu, hilo hukuuliza."