Nilimwacha Mchumba Wangu kwa Nilichokiona Kwenye Hadubini

Admin, naomba ufiche jina langu na la huyu mama, maana huku kwetu tunajuana.

Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na mbili, mstaafu, naishi peke yangu Same mjini. Sina mke, sina mtoto. Redio naiwasha tangu asubuhi ili nyumba isikae kimya. Wanaoniuliza kwa nini sikuoa nawaambia Mungu hakupanga. Nawadanganya.

Ujanani nilikuwa mhudumu wa maabara katika hospitali moja. Ni miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na sukari lakini mifukoni hamna kitu, mara wagonjwa wachangie matibabu, mara wafanyakazi wapunguzwe. Nilikuwa na mchumba wa Myamba, huko milimani, nimwite Nanzia. Mama yake alifariki mapema, kwa hiyo tangu ana miaka tisa ndiye aliyewapikia wadogo zake, kwenye jiko la kuni lisilo na dirisha, na kule juu kwa baridi watu hufunga hata mlango. Wazee wangu walishapeleka dengelua kwao, ile pombe yetu ya miwa, na wakapokelewa vizuri.

Basi akaja daktari mtafiti, mama mmoja mpole. Alitaka kujua kama moshi wa kuni unaharibu vinasaba, hiyo DNA mnayoisikia siku hizi. Tukapanda Myamba kuchukua sampuli. Kila mwanamke alisukutua mdomo, nami nikapitisha kijiti ndani ya shavu lake na kukipaka kwenye kioo chembamba. Nanzia naye alijitolea. Nilipomfikia akacheka, akasema, "Taratibu wewe, hilo shavu ni la kwako."

Vioo viliandikwa namba tu. Majina yalikuwa kwenye daftari ndani ya droo, na daktari alitukataza kulifungua. Alisema tukijua kioo ni cha nani tutahesabu kwa huruma. Tena hiki si kipimo cha ugonjwa wa mtu mmoja, bali tunalinganisha kundi na kundi.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia seli kwenye hadubini na kuhesabu zilizoumia. Seli nzima ina kiini kimoja cha duara, ila iliyoumia unaikuta na vijipande vimemeguka pembeni. Mchana mmoja nikakutana na kioo chenye vijipande vingi kuliko vyote nilivyowahi kuona. Daktari alikuwa ametoka kwenda kula. Nikafungua droo. Lilikuwa jina la Nanzia.

Niliwaza watoto watazaliwaje. Niliwaza kansa, nikajiona mgane kabla hata sijaoa. Ningemuuliza daktari yote yangeisha, lakini kumuuliza ilikuwa ni kukiri kwamba nimefungua daftari, na wakati huo tulikuwa tunasubiri orodha ya watakaopunguzwa kazi. Nikalirudisha daftari kwenye droo. Wiki mbili baadaye nikamtuma baba mdogo akawaambie kwao kwamba sijajipanga.

Nanzia alishuka na lori la tangawizi, akanikuta nje ya maabara.

"Nimekuja unieleze mwenyewe. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Basi wanayosema ni kweli. Umevaa koti jeupe, sasa unaona haya kuoa msichana anayenuka moshi."

Ningesema hapana tu, ingetosha. Niliangalia chini. Akajinusa mkono wa gauni lake palepale mbele yangu, kisha akaondoka.

Miezi ikapita. Siku daktari anafunga mizigo nikajikaza, nikamuuliza kama mtu asiye na jambo: mwenye vijipande vingi atazaa watoto wazima kweli?

Akanishangaa. "Zile ni seli za shavu, zinabanduka zenyewe. Mtoto hazirithi. Zinatuonyesha tu kwamba mtu amekula moshi mwingi, na akiondoka kwenye moshi anaweza kupata nafuu."

Kesho yake nilipanda Myamba. Mdogo wake alinipokea mlangoni, hakunikaribisha. "Dada ameshaolewa," akasema. "Yuko Usangi."

Nilishuka mlima kwa miguu nusu ya njia, sikumbuki hata nilipopata gari. Baadaye nilichumbia mara mbili, haikufika popote. Wazazi wakafariki, rafiki zangu wakahama, nikazoea.

Miezi mitatu iliyopita tulikutana msibani. Mume wake amefariki, ana watoto watano, wote wazima, na wajukuu. Alinisalimia vizuri, tukakaa benchi moja, tukapeana namba. Tangu hapo hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani, kuniuliza kama nimekula. Ndugu zangu, hakuna mtu mwingine duniani anayeniuliza swali hilo.

Jumapili iliyopita aliniambia, "Mimi nilishakusamehe. Ila mpaka leo nikitoka jikoni siwezi kwenda kwa watu bila kuoga mara mbili. Marehemu alikuwa ananishangaa mpaka amekufa. Nijibu basi kabla na sisi hatujafa. Ulinikataa kwa sababu ya moshi?"

Kwa kweli ilikuwa ni moshi, lakini si kwa namna anayoidhania yeye. Nilimwambia anipe wiki moja.

Nikimweleza, atajua nilichungulia siri yake nikamhukumu kwa jambo nisilolielewa. Tena ana kikohozi siku hizi, naogopa ataanza kukiwaza kile kioo kila akikohoa. Nikinyamaza, ataendelea kujisugua harufu ambayo mimi sikuwahi kuisikia hata siku moja. Mdogo wangu ananiambia, "Kaka, achana nayo, mmeshazeeka." Lakini yeye ana mke wa kuongea naye.

Leo ni Ijumaa. Nyie mlioachwa bila kuambiwa sababu, mngependa kuijua hata baada ya miaka yote hii? Nishaurini jamani, nimwambie na huenda asinipigie tena, au nife nayo?