Doa la Kijani Kwenye Bodi ya Baba

Kabla sijafungua bahasha niliisikia harufu ya stoo ya baba: chuma, sabuni ya mche, kahawa iliyokauka. Mdogo wangu Aika alikuwa ameituma kutoka nyumbani Kilema. Ndani mlikuwa na bodi ya amplifaya, imeng'olewa vipuri vyote, njia zake za bati zimefifia, na pembeni ina doa la kijani. Doa hilo ni dole gumba langu. Msinicheke, nitawaeleza.

Baba alikuwa fundi redio, na bodi alizitengeneza mwenyewe. Ukungu wa mlimani kwetu hauna huruma na shaba. Ukiiacha wazi hugeuka nyeusi, kisha kijani, na waya wa kuchomelea haushiki tena. Kwa hiyo alikuwa akiivika bati, kwa dawa iliyotoka Moshi mjini kwenye chupa, na dawa hiyo ilikuwa na sheria nyingi kuliko katekisimu. Kazi ilifanyika uani, upepo ukiwa mgongoni. Glavu, miwani, ndoo ya maji safi na sabuni karibu. Hakuna kula, hakuna kujigusa uso. Dawa iliyochoka hakuimwaga mgombani wala kwenye mfongo, ule mfereji wa maji tuliyokunywa sisi na majirani wa chini. Aliirudisha kwenye chupa iliyoandikwa SUMU na kuifungia kabatini.

Na msaidizi wake kila mara alikuwa Aika. Mimi nina miaka tisa, yeye saba! Miwani ilimfika mashavuni, lakini ndiye aliyeshika saa na kuhesabu dakika.

"Manka, mama, wewe katikise maziwa," baba aliniambia.

Basi nikakaa chini ya migomba natikisa kibuyu, nikiona wivu. Nilimchukia Aika, miwani yake, hata sauti yake ya kuhesabu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulilala kitanda kimoja.

Siku ya bodi ya kwaya ndipo nilipofanya ubaya. Amplifaya ilitakiwa kigangoni kabla ya Pasaka, na kipande cha bodi yenye shaba kilikuwa hicho kimoja tu. Baba alikisugua kwa steliwaya na sabuni mpaka kikang'aa, akakilaza juu ya kitambaa.

"Usiguse hata kwa ukucha," akamwambia Aika. "Mafuta ya kidole yakikaa hapo, bati halishiki."

Wakaenda kuchota maji. Nikaacha kibuyu, mikono imejaa siagi, nikabandika dole gumba langu pembeni mwa bodi, nikabonyeza kwa moyo wote. Kisha nikarudi kutikisa maziwa kwa bidii ambayo mama hakuwahi kuiona. Nilijua lawama itamwangukia nani.

Nikiwa mgombani niliona shaba ikigeuka nyeupe kama fedha, isipokuwa mahali pamoja. Baba aliitoa bodi kwa koleo la plastiki, akaisuuza, akaiinua kwenye mwanga. Alama ilikuwa wazi, mistari yote, ya dole jembamba. Dole langu la kulia lilikuwa jembamba kuliko lenzake, kwa sababu nitakayoisema. Baba akatazama migomba kwa muda.

"Baba, mimi sijagusa," Aika akasema, machozi yamejaa ndani ya miwani.

"Najua, mama. Nimeisafisha vibaya mwenyewe."

Aliifunga hivyo hivyo, na kwaya ikaimba Pasaka. Mimi sikuimba. Ningechapwa ningepona haraka zaidi.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, baba aliniita uani. Aika akavua miwani, akanipa. Nilimtazama kwa jicho la mshindi, nikavaa. Nilikivaa kiburi hicho miaka mingi, mpaka juzi nilipompigia simu kuuliza bodi hiyo aliitoa wapi.

"Amplifaya ya kwaya ilipokufa, baba aliitoa bodi akaitunza," akasema. "Ina dole lako."

"Alijua?"

"Dada, si ulikuwa unanyonya! Nani asingelijua lile dole?"

Ndiyo, nilinyonya kidole hadi miaka tisa na zaidi, kwa siri, chini ya blanketi, nikiamini hakuna ajuaye.

"Ndiyo maana hakukuita," Aika akaendelea. "Aliogopa dawa itakuingia mdomoni. Akatukataza kukuambia, eti utaona aibu, na shuleni watakuzomea. Akasema siku ukiacha, mimi nitakupisha. Nikawa nakusikiliza kila usiku."

Baba alikubali nimwone ana upendeleo kuliko kunivunjia heshima, na hilo peke yake lilinitosha kwa kilio. Lakini kulikuwa na swali jingine, na nikaliuliza.

"Sasa nani alimwambia nimeacha?"

"Mimi. Nilihesabu usiku saba, wa nane nikamwamsha alfajiri."

Alikuwa na miaka minane, na alijua kwamba siku akisema, miwani si yake tena. Hakungoja hata kupambazuke.