Mtoto Aliyepiga Chafya Mbele ya Kamera

Watu wakisikia kwamba nimejilisha kwa kuandika vichekesho vya televisheni, hunitazama usoni wakingoja niwachekeshe. Huwa nawavunja moyo. Mimi si mcheshi. Kwetu, juu ya Sosiot, mcheshi alikuwa mdogo wangu anayenifuata, na hata yeye alinyamaza mwaka ule mama alipomfuata baba kaburini.

Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikavaa aproni ya mpira ya mama na kuanza kuchuma majani ya chai. Baba wakubwa na shangazi walikuwa wamekwisha kukaa na kugawana wadogo zangu: huyu aende Bomet, yule Kapsoit, kitinda mimba abaki na Kogo. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba. Nilisema hakuna atakayeondoka. Sikusema kwa ukali. Nilisema tu, kisha nikaenda kuwasha moto, na wao wakabaki wamekaa pale mpaka chai ikaiva wakainywa.

Kuandika nilijifunzia kwenye kituo cha majani. Tulikuwa tukifikisha majani yetu pale tukingoja lori la kiwanda, na lori lilikwama kwenye matope kila msimu wa mvua. Majani yakikaa sana huanza kupata joto ndani ya kikapu, na watu vilevile. Walianza kumtukana karani wa mizani, kisha jirani aliyewapita kwenye foleni, kisha jirani aliyekufa zamani. Siku moja, kwa uchovu tu, nilianza kuwasimulia jinsi wanavyoonekana. Mzee fulani anavyopanga majani laini juu ya kikapu na yale magumu chini, halafu anavyomtazama karani kwa macho ya mtu aliyeokoka. Walicheka mpaka yule mzee mwenyewe akashika mbavu. Lori lilipofika walisema, kumbe limewahi leo. Tangu siku hiyo walikuwa wakiniita nisogee katikati.

Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba kipindi fulani cha kuchekesha cha televisheni kinatafuta hadithi kutoka mikoani, waliokwenda kununua karatasi na stempu ni watu wa kituo, si mimi. Kipindi chenyewe kilihusu mwanamume wa mjini aliyeoa msichana wa milimani, naye mwanamume huyo hajui hata moja la mila za wakwe. Niliandika kuhusu mtoto anayekataa kupiga chafya.

Lazima nieleze. Kwetu, mtoto anapozaliwa, wanawake wazee humkusanyikia na kutaja majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, huku wakimpa harufu kidogo ya ugoro. Jina atakalopigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Katika hadithi yangu mtoto anakataa wote, mababu kwa mabibi, mpaka wazee wanaanza kugombana ni upande gani wenye wafu wasiopendeza. Majina niliyatunga mwenyewe, yasimguse mtu.

Hadithi ilikubaliwa, na dairekta wa kipindi, mwanamume mpole mwenye ndevu za kijivu, akaja kutoka Nairobi kutazama mahali pa kurekodia. Alikunywa mursik, maziwa yetu ya kuganda ya kwenye kibuyu, bila kuambiwa jinsi ya kuinywa, jambo lililomfurahisha Kogo, kisha akaniambia waziwazi.

“Dada, tutarekodi hii moja. Ikishika, utatuandikia zingine ukiwa hapahapa kwako. Isiposhika, tumeshukuru.”

Nililala na yale maneno, ukiwa hapahapa kwako. Hakukuwa na kazi nyingine duniani ambayo ningeifanya bila kutoka katika nyumba ile. Mashamba makubwa ya chai karibu na Kericho yalikuwa yakiandika watu, lakini yalitaka uhamie kwenye kambi zao, na nikihama, wadogo zangu wangegawanywa kabla sijafika barabarani.

Siku ya kurekodi niliwaambia waje mapema, kwa sababu kwetu mvua huja baada ya chakula cha mchana kama mtu aliyealikwa. Wakachelewa. Gari lao lilikwama palepale lori linapokwama, na watu wa kituo wakalisukuma wakiimba.

Wanawake wazee wa kwenye hadithi walikuwa wazee wetu wenyewe, na kiongozi wao alikuwa Kogo. Mtoto alikuwa wa kaka yangu wa upande wa baba mkubwa. Kaka alikuwa shemasi, na mambo ya chafya alikuwa ameyaacha. Mwanawe alipewa jina kanisani na yakaishia hapo. Mkewe alinipa mtoto kwa sababu ni mchezo tu. “Lakini wifi,” aliniambia, “asinyeshewe.”

Tatizo la kwanza lilikuwa mwigizaji mkuu mwenye masharubu, yule mkwe wa mjini. Alifika akataka kuingia ndani anywe chai. Kogo akaziba mlango kwa mwili wake mdogo.

“Huyu si ndiye mkwe?”

“Ni mkwe wa kuigiza, Kogo.”

“Na mimi si ndiye mama mkwe?”

“Wa kuigiza.”

“Basi anywe chai ya kuigiza, huko nje. Mkwe haingii nilipo.”

Mwigizaji akacheka, akasema, “Sawa shosho, nimefukuzwa na wakwe wa kweli pia,” akabeba kikombe chake hadi chini ya mwembe wa ua wa nyuma, kisha akagundua si mwembe bali ni mti wa parachichi, nasi tukamcheka. Hayo yote Kogo aliyasema kwa Kipsigis, nami nikitafsiri, na nilidhani ni utani. Hakuwa akitania. Kwa Kogo, jambo ukishalifanya limefanyika.

Taa zikawashwa. Sebule yetu, ambayo niliifahamu kwa moshi na giza lake, ikawa nyeupe mpaka nikaona ufa ukutani ambao sikuwahi kuuona. Kogo alikaa na mtoto mapajani, wazee wengine wakamzunguka. Kwa vidole viwili alikuwa ameshika ugoro wa kweli, kwa sababu vidole hivyo havikuwahi kukaa bila ugoro.

Akaanza. Akataja jina la kwanza nililomfundisha. Mtoto akamtazama. Akataja la pili. Mtoto akapiga miayo, na mtu wa kamera akatabasamu. La tatu. Kisha nikamwona Kogo anatafuta. Majina yangu yalikuwa yamemwishia. Nilisogea nimnong'oneze, lakini hakuningoja. Aliendelea na yetu.

Alimtaja babu. Kimya. Alimtaja dada yake babu aliyekufa akiwa msichana. Kimya. Sauti yake ilikuwa imeshuka na haikuwa tena ya mchezo, ilikuwa sauti ya mtu anayegonga mlango wa jirani. Kisha akataja jina la baba yangu, mwanawe, jina ambalo sikuwa nimemsikia akilitamka tangu tulipomzika.

Mtoto akapiga chafya.

Wazee wote wakapiga vigelegele kwa pamoja, na yule mkongwe kuliko wote, ambaye alikuwa hawezi kusimama bila kushikwa, alisimama. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa dirishani akichungulia, alikuwa hamkumbuki baba hata sura. Aliuliza kwa sauti ndogo, “Ndiye?” Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili watu wacheke, na kupitia maneno hayo baba alikuwa ameingia nyumbani kwake mchana, mbele ya taa.

Dairekta hakusema acha mara moja. Aliposema, alisema polepole sana. Akanivuta pembeni.

“Dada, hiyo ni kitu bora nimewahi kushika kwenye kamera. Sijui hata imetokea nini. Lakini hakuna mtu atacheka.”

“Hapana.”

“Nataka kuiweka hivyohivyo.”

Kogo aliuliza anasema nini. Nikamwambia. Alimfunika mtoto kwa shuka lake. “Mwambie huyu mtoto wa watu kwamba alichoona amekiona. Lakini hakiendi naye.”

Nilijua uzito wake. Tukio lile likiondolewa, kipindi hakina moyo, na hadithi yangu iliyohitaji mtoto asiyepiga chafya haikuwa tena na mtoto. Nilimwambia dairekta kwamba haliwezi kuonyeshwa. Nilisema kama nilivyosema kuhusu wadogo zangu, bila ukali, na baada ya hapo sikuwa na moto wa kwenda kuwasha.

Alijifuta uso kwa kiganja. “Basi nipe kingine. Kabla hatujafungasha.”

Hapo mvua ya mawe ikaanguka. Aliyewahi kukaa chini ya mabati ya kwetu mawe yakianguka anajua kwamba mazungumzo huishia hapo. Mtu wa sauti alivua vile vya masikioni akavitazama kama vimemwuma. Dairekta alisema kitu. Niliona midomo tu. Alionyesha juu, akaonyesha saa, akaanza kukunja waya.

Nikageuka mlangoni, na pale alikuwa mwigizaji. Mawe yalikuwa yakimpiga mgongoni. Alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya kizingiti, akamwona Kogo, akaurudisha. Jiwe likampata kisogoni, akaupandisha. Kogo akamtazama, akaurudisha. Hakuwa akiigiza. Alikuwa mtu mzima aliyekatazwa mlango na nyanya mmoja na kufukuzwa na mbingu.

Nilimshika dairekta mkono. Sikuweza kumwambia kitu, kwa hiyo nilifanya kile nilichokifanya kwenye kituo cha majani. Nilitoka mvuani nikasimama karibu na mwigizaji, nikamwonyesha yeye mwenyewe: mguu juu, mguu chini. Kisha nikawaonyesha wazee wakitaja majina ambayo mtoto hayasikii kwa mawe, wakichoka, wakipitishiana ugoro. Nikaonyesha upepo ukiuleta ugoro mlangoni. Nikapiga chafya ya mkwe. Nikawageuza wazee wote wamtazame, nikawaonyesha wakielewa kwamba nyanya wa nyanya yao amerudi, na amerudi na masharubu.

Niliona mabega ya dairekta yakitikisika. Mtu wa sauti, ambaye hakuwa na kazi tena, aliketi sakafuni akicheka bila kusikika.

Nilimwinamia Kogo sikioni nikampigia kelele, “Kogo, si dharau?”

Akanivuta sikio langu kwake. “Anayerudi hurudi ndani ya mtoto mchanga. Mtu mzima akipiga chafya hiyo ni homa.”

Kabla ya kuanza, dairekta alisimama karibu na kamera kwa muda. Kisha akamwonyesha mtu wa kamera kwa kidole: rudisha kanda nyuma, hadi mwanzo wa majina. Akanitazama aone kama nimeelewa. Walirekodi mkwe juu ya chafya ile, ikafutika. Dairekta hakuambiwa na mtu afanye hivyo, na mpaka leo nikikumbuka kidole kile kikizunguka hewani humwombea mema.

Mawe yalipokwisha, bustani ya chai ilikuwa nyeupe na majani yametobolewa. Kaka alifika akisukuma baiskeli, viatu vyake vya kanisani vikiwa shingoni. Habari ilikuwa imemtangulia njiani. Mkewe alisimama nyuma yangu.

Kaka hakumsalimu mtu. Alimchukua mwanawe kutoka kwa Kogo, akamtazama sana. Baba yangu ndiye aliyemfundisha kaka kupogoa chai. Walikuwa wakishinda pamoja shambani kabla mimi sijaweza kubeba kikapu.

“Kanisani ana jina lake,” alisema.

“Na liwe lake,” Kogo akajibu.

Kaka akaendelea kumtazama mtoto. Kisha akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyekutana na mwenzake sokoni, “Haya. Panga langu uliliazima ukaenda nalo. Liko wapi?”

Kogo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka na hakuyafuta, na wazee wakacheka, na mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa amenyamaza tangu mama afe, akasema, “Liko darini, baba alilificha kwa sababu alilivunja mpini.” Dairekta alikuwa akipakia gari. Hakujua lugha, lakini alisimama na sanduku mkononi akatusikiliza. Alipokuja kuaga alisema neno moja tu la kazi. “Andika nyingine.”

Nimeandika nyingine tangu wakati ule, miaka mingi, kwenye meza ileile, na wadogo zangu wamekulia chini ya paa lile mpaka wakaondoka kwa kupenda kwao.

Ile ya kwanza tuliitazama kwenye duka moja hapo Sosiot, mwenye duka akiwa ameweka televisheni juu ya magunia na kuiunganisha na betri ya gari. Watu wa kituo walikuwa wote ndani na wengine dirishani. Mwigizaji alipopandisha mguu kizingitini walianza kupigana mabegani. Mimi sikutazama televisheni. Nilimtazama mtoto aliyelala mgongoni kwa mamake katikati ya kelele zile, na nikajua kwamba chini ya picha wanayoicheka, palepale, kuna jina la baba, na kwamba ni sisi tu tunaojua limelala hapo.

Kisha mawe ya kwenye televisheni yakaanza kupiga mabati. Nusu ya watu dukani waliinua macho kutazama paa. Nje kulikuwa na jua kali, na mama mmoja aliyekuwa karibu na mlango alitoka mbio kwenda kuanua mahindi yake.