Ujumbe Nisiopewa Kuusoma

Jumanne nilikaa kwenye benchi la zahanati huko Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, pamoja na mama mmoja Mkongomani ninayemfundisha kusoma kwa kujitolea. Simu yake ikalia: ujumbe umeingia. Nikanyoosha mkono kama nilivyozoea. Kwa miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea kila ujumbe wa binti yake anayeuza vitenge Mbarara. Hata habari za ujauzito wa binti huyo nilizijua kabla ya mama yake, bibi mtarajiwa.

Safari hii hakunipa simu. Alinigeuzia bega, akaikinga kwa kitenge, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Kisha akacheka peke yake.

"Anasema nini, mama?"

"Ameniandikia miye, mwalimu," akajibu kwa upole, akaitia simu kifuani.

Watu hunisifu kwa kazi hii. Hawajui wivu ulionikaba pale, juu ya herufi nilizomfundisha mwenyewe.

Mchana nikaingia darasa la wanaoanza. Mzee mmoja, ambaye ujumbe wake bado nausoma mimi, akaniomba tuendelee mbele. Nikamwambia haraka ya nini, turudie tena herufi A.