Maji ya Mama Ndoo

Mkemia wetu, Mama Ndoo, hasuuzi chombo kwenye sinki hata umlipe. Husuuzia ndooni, kisha maji huyamimina kwenye pipa lake, maana yamebeba chembe za platinamu, madini ghali ambayo ni kichocheo cha mitambo yetu. Huzinasa kwa mkaa, vidole vyeusi kama masizi, kisha huzirudisha kazini.

Jana bosi alikuja kulimwaga pipa hilo. "Linatujazia nafasi tu!" Akafungua koki, maji yakamrukia miguuni. Mama Ndoo akaifunga, akakalia mfuniko, akakunja nne. "Utaanza kunimwaga mimi." Sisi wengine tukajifanya tuna kazi nyingi. Bosi akageuka aondoke.

"Bosi, hebu rudi," Mama Ndoo akasema kwa ile sauti yake nzito, akisukuma ndoo kwa mguu. "Viatu vyako vimelowa platinamu yangu. Vikung'ute humu."

Bosi akavua.