Mtetemo wa Amplifaya ya Mjomba

Mwanamke mmoja fundi redio alifufua mtetemo wa sauti, ule unaoipandisha na kuishusha sauti ya gitaa, uliokuwa umekufa kwenye amplifaya ya mjomba wake. Mjomba akajaribu gitaa lake, akakunja uso.

"Mpwa wangu, hii inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa! Vidole vyangu vimezeeka, haviwezi kwenda na kasi hiyo. Basi tena, gitaa nampa jirani."

"Subiri, Mjomba. Una haraka kuliko hiyo amplifaya."

Akaifungua upya, akang'oa kapasita tatu ndogo zinazopanga kasi ya mtetemo, akalehemu nyingine kubwa zaidi ili mtetemo uende polepole. Safari hii sauti ilipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtoto aliyelala.

Mjomba hakumtaja tena jirani. Aliomba kiti, kwa kuwa wimbo aliotaka kuupiga ulikuwa na beti nyingi.