Taya Lililokataa Kufunguka

Mama yangu alikuja kutoka Kakamega kufanyiwa vipimo vya uvimbe kwenye titi, akakaa nami katika nyumba yangu ya chumba kimoja jijini, karibu na Adams Arcade. Tulilala kitanda kimoja. Asubuhi moja, akinimiminia chai, akasema, "Wewe una minyoo."

"Minyoo ya nini, Mama?"

"Unasaga meno usiku. Ulipokuwa mdogo ukifanya hivyo, tulikupa dawa."

Nilimeza dawa ya minyoo ili kumridhisha. Kuumwa na kichwa kila asubuhi, pande zote mbili juu ya masikio, nilikuwa nikidhani kunaletwa na kompyuta ya kazini. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja katika ofisi moja Westlands, na tulifundishwa kutabasamu hata tukitukanwa, kwa kuwa tabasamu husikika.

Kisha siku moja saa ya lanchi niliuma sambusa, taya likakwama. Mdomo ulikuwa wazi kidogo tu, haufunguki zaidi. Mwenzangu wa kazi, wa meza ya pili, akadhani ninacheka. Alipoona machozi, akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno huko Parklands.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinikanda mashavu polepole mpaka mdomo ukalegea. Akaangalia meno. Hakukuwa na jino bovu, wala habari ya minyoo. Meno yalikuwa yamelika ncha kwa kusagana.

"Weka vidole hapa mbele ya masikio," akasema. "Sasa uma."

Nyama chini ya vidole ikainuka ngumu kama jiwe.

"Ukiwa umenyamaza tu, meno yako hugusana?"

"Si ndivyo yanavyokaa?"

"Hapana. Funga midomo, acha meno yaachane, ulimi ukae juu, nyuma ya meno ya mbele. Meno hukutana tukila na tukimeza."

Nilikuwa mtu mzima, na sikuwahi kujua kwamba mdomo una namna yake ya kupumzika. Alinitengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa menoni nikilala, akaniambia nijikande kwa kitambaa cha moto na niache chingamu kwa muda.

Nilianza kujichunguza. Nilitarajia kujikuta nimeuma meno wakati wateja wanafoka. Ilitokea, ndiyo, lakini zaidi ilikuwa jioni, nikiwa nimeketi na Mama tukitazama habari, majibu ya hospitali yakisubiriwa na hakuna aliyeyataja.

Jioni moja alichovya taulo katika maji ya moto, akalikamua, akaniwekea mashavuni.

"Unaogopa nini?" akauliza.

"Majibu yako."

"Hata mimi. Lakini hujawahi kuniuliza."

Basi nikamuuliza. Akaniambia angetaka nini mambo yakiwa mabaya: asipelekwe mbali kutibiwa, na dada zangu waambiwe ukweli. Nililia chini ya lile taulo, naye hakuninyamazisha.

Uvimbe ulikuwa wa kukatwa tu, si saratani. Alipopona kidonda akarudi nyumbani.

Taya langu halikupona mara moja. Bado navaa kile kifaa, na wiki za malalamiko mengi ya wateja kichwa huuma tena. Lakini siku hizi Mama akipiga simu haanzi na mvua wala mahindi. Huuliza ninaogopa nini wiki hii, nami humwambia.